Tumepata sinema ya zamani hapa Arusha, tunataka kuifanya ukumbi wa muziki. Nisaidieni kuielewa kabla fundi hajaanza kubomoa

Chalii wa Ngarenaro

Wakubwa shikamooni. Rika langu, mambo vipi.

Mimi na wenzangu wawili tunaandaa shoo za bendi hapa mjini. Mwaka wa nne sasa tunahamahama baa, na kila baa ni yale yale: bendi inasukumwa kwenye kona ya choo, moshi wa nyama choma unawaingia wapiga tarumbeta machoni, na ikifika saa nne usiku mwenye baa anataka tuzime spika aonyeshe mpira. Sasa tumepata jengo. Ni sinema ya zamani, katikati ya mji. Jina siliandiki kwa sababu mazungumzo na mwenye nalo hayajaisha, ila mliokulia hapa mnaweza kuhisi. Si Metropole.

Sinema ilipokufa, jengo likawa ghala la mahindi, baadaye wakapanga watu wa kanisa, na sasa lina miaka kadhaa liko tupu. Viti vyote vimeondolewa. Tuliingia Jumanne na tochi, na kuna mambo hatukuyaelewa.

Ukuta wa nyuma, juu kabisa ya balkoni, una vitundu vya mraba. Ni sita, havilingani ukubwa, na kila kimoja kina kibati cha chuma kinachoteleza juu na chini. Nyuma ya vitundu hivyo kuna chumba chenye kuta nene kuliko jengo zima, mlango wa chuma, na juu ya paa lake yametokeza mabomba mawili. Mwenzangu alidhani lilikuwa jiko.

Kuta za pembeni zimebandikwa mbao laini, nyepesi kama boksi, zimejaa matundu madogo. Fundi anataka kuzing'oa zote, apige plasta na rangi.

Sakafu inateremka kutoka mlangoni hadi jukwaani. Fundi anasema tumwage zege isawazike, la sivyo watu hawatacheza. Bei aliyotupa inazidi thamani ya spika zetu zote.

Na moja la mwisho. Babu yangu anasema aliwahi kucheza dansi ndani ya sinema hapa Arusha. Mama anamwambia anachanganya na ukumbi mwingine. Je, muziki uliwahi kupigwa kwenye sinema zetu, au sisi ndio wa kwanza?

---

Mkazi wa Sakina

Hongereni sana. Kwa mimi, sawazisheni tu. Watu wanakuja kucheza, nani atacheza kwenye mteremko? Mkikosa hela ya zege lote, sawazisheni nusu ya mbele.

---

Mzee wa Mikanda

Marahaba kijana wangu.

Nimesoma ulichoandika mara mbili, kisha nikatoka kukaa barazani kidogo. Vitundu sita na mabomba mawili: mimi ninaijua sinema moja tu ya hapa yenye hivyo, na jina silitaji kwa kuwa umeomba. Chumba hicho ndicho nilichoanzia kazi mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi na sita. Si jiko. Ni chumba cha mashine. Nikueleze kitu kimoja kimoja, halafu utaamua mwenyewe kama fundi wako anajua anachotaka kubomoa.

Mashine zilikuwa mbili, zimesimama sambamba. Watu wengi hudhani picha ilikuwa mkanda mmoja mrefu. La. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine futi 90 kwa dakika. Riili moja, yaani gurudumu moja la mkanda, ya futi 2,000 inakwisha kwa dakika ishirini na mbili hivi. Picha ya Kihindi ya saa tatu ina zaidi ya futi 16,000, kwa hiyo ni riili nane au tisa, na baina ya riili na riili mtazamaji hatakiwi kujua kwamba kuna kilichobadilika. Ndiyo sababu ya mashine mbili. Riili ikikaribia kwisha, kwenye kona ya juu kulia ya pazia, kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, hutokea kidoa cha mviringo, kinapita upesi kama kupepesa jicho. Hapo opereta anawasha mota ya mashine ya pili. Baada ya sekunde kama saba kinakuja kidoa cha pili, naye anahamisha mwanga. Opereta wangu alikuwa mtu mzima wa Kigoa, mpole, hakuwahi kuninyanyulia mkono, lakini kidoa kikinipita alinyamaza siku nzima, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko fimbo. Mpaka leo nikiangalia picha ya zamani kwenye televisheni macho yangu yanakwenda yenyewe kwenye ile kona.

Sasa vitundu. Viwili ni vya miale ya mashine. Viwili vilivyo pembeni yake ni vya opereta kuchungulia. Cha tano, kilicho chini kidogo, kilikuwa cha slaidi za matangazo: sabuni, baiskeli, duka la vitambaa. Cha sita ndicho kikubwa kuliko vyote na kiko katikati. Kumbuka hicho, nitakirudia.

Vibati vya chuma ni vya moto. Mikanda ya kale ilitengenezwa kwa kitu kinachowaka vibaya sana, ukikitia maji kinaendelea kuwaka. Kuanzia 1951 hivi viwanda viliacha kuitengeneza, vikahamia mkanda usioshika moto kirahisi, lakini majumba ya sinema yalijengwa kwa kufuata hofu ile ya kwanza. Ukuta mnene, mlango wa chuma, na vibati vimening'inizwa kwa mnyororo wenye kipande cha madini laini. Moto ukizuka kipande kinayeyuka, mnyororo unaachia, vibati vyote vinashuka, na moto unabaki chumbani pamoja na opereta. Alinionyesha siku yangu ya kwanza. Akaniambia mlango uko nyuma yako, usiweke kitu chochote mbele yake.

Mabomba mawili ya juu ni ya moshi wa kaboni. Mashine zile hazikuwa na balbu. Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vilivyokaribiana ncha, umeme unaruka kati yao, jeupe kama jua, huwezi kulitazama bila kioo cheusi. Vijiti vinaungua na kufupika, nawe unavisogeza polepole wakati picha inaendelea. Ukisahau, pazia linageuka manjano, kisha giza, na chini wanaanza kupiga viti. Moshi wake unakereketa, ndiyo maana ya bomba.

Kaboni ndiyo iliyotutesa baadaye. Mpaka wa Kenya ulifungwa Februari 1977, ukafunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo pesa za kigeni zilikuwa shida nchi nzima, vipuri havipatikani, kaboni inakuja kwa kubahatisha. Vipande vilivyobaki hatukuvitupa. Tuliviunganisha kwa kishikizo cha shaba ili kila kimoja kitoe dakika chache zaidi. Riili yenyewe ilikuwa imezunguka nchi hadi mgongo umepasuka. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kuukagua mkanda kwa vidole, mita kwa mita, nikitafuta palipochanika, nikate, nigundishe. Vijana wa siku hizi wanasikia sinema zilikufa kwa sababu watu walipenda video. Video iliingia miaka ya themanini, kweli, na televisheni Bara ilianza 1994. Lakini mimi nilikuwa ndani, na ninakwambia sinema ilianza kuugua kabla ya hapo, kwa kukosa picha mpya na kukosa kijiti cha kaboni. Watu walikuwa bado wanapanga foleni.

Foleni yenyewe ungeiona Jumapili! Familia za Kihindi zinakuja na vyombo vya chakula, wanapanda balkoni. Chini, kiti cha mbele kabisa kilikuwa shilingi mbili, wanakaa vijana wa Kaloleni, Levolosi, Unga Limited, na wamasai waliouza ng'ombe siku hiyo, wote shingo juu. Tiketi zikiisha walanguzi wanauza za kwao kwenye kona kwa bei mara mbili. Karanga za kwenye karatasi, kashata, chai ya maziwa wakati wa mapumziko. Juni na Julai mji una baridi kali, mnavyojua, na mule ndani watu mia kadhaa walikuwa wanapashana joto wao kwa wao.

Kabla sijaruhusiwa kugusa mashine nilikuwa mkimbiza mkanda. Picha moja ilionyeshwa sinema mbili usiku mmoja. Wao wanaanza, sisi tunaanza nusu saa baadaye; riili yao ya kwanza ikiisha naibeba kwa baiskeli, nafika, narudi kuchukua ya pili. Aprili moja, mvua kubwa, nilianguka karibu na daraja la Naura. Debe likafunguka, mkanda ukamwagika kwenye tope. Niliukusanya nao unaninasa mikononi, nikafika nalia. Opereta alizima mashine, akawasha taa za ukumbi, akashuka mwenyewe kuwaambia watu waende wakanywe chai. Tulikaa sakafuni tukiusafisha kwa khanga ya mama aliyekuwa anauza karanga mlangoni. Robo tatu ya saa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeondoka. Walirudi vitini, na mwanga ulipowaka tena walipiga makofi.

Turudi kwenye kitundu cha sita. Kilikuwa cha taa ya jukwaa. Sinema haihitaji taa ya kumulika mtu, pazia linajimulika. Kitundu hicho kilitobolewa na mjenzi kwa sababu tangu mwanzo jengo lilikusudiwa kuwa na watu walio hai jukwaani: michezo ya kuigiza ya Kigujarati, wachawi wa mazingaombwe, mashindano ya shule, na muziki. Ukisimama mbele ya pazia utaona jukwaa lina kina cha hatua kama tano. Hapo ndipo bendi zilipopiga. Jumamosi mchana kulikuwa na bugi, yaani dansi la mchana, vijana wanaingia saa nane, saa kumi na mbili wanatoka wameloa jasho ili ukumbi ufagiliwe kwa ajili ya picha ya jioni. Nimeishika taa hiyo mwenyewe, nikimfuata mwimbaji kwa mduara, mkono unaungua.

Babu yako hachanganyi. Mfikishie salamu zangu.

Na mji huu si mgeni kwa bendi. Wilson Kinyonga na nduguye George walitoka Tanga kwenye Jamhuri Jazz, wakaja hapa 1970 wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Kenya, na huko ndiko ilikozaliwa Simba Wanyika. Afrika Mashariki yote iliwajua. Inaniuma kwamba mtoto wa Arusha leo anadhani wale ni Wakenya, na hakuna hata ukuta mmoja hapa mjini wenye majina yao. Ukumbi wenu ukisimama, nawaomba uwe na ukuta huo.

Sakafu msiiguse. Nitaeleza, ila kwanza nimechoka vidole.

---

Fundi Sauti wa Moshi

Shikamoo mzee. Nimefunga sauti harusini, makanisani na kumbi nyingi huku kwetu na huko Arusha, na ningependa kuongezea kuhusu zile mbao zenye matundu.

Chalii, mwambie fundi wako aweke nyundo chini. Mbao hizo ndizo zitakazowaokoa. Ukumbi mtupu wenye plasta pande zote unarudisha sauti kama kisima. Chukua hesabu rahisi: sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Kama kutoka jukwaani hadi ukuta wa nyuma ni mita 24, pigo la ngoma linakwenda na kurudi mita 48, yaani linamrudia mpiga ngoma baada ya sehemu kama 14 za mia ya sekunde. Hapo sikio linasikia mapigo mawili, na mpiga besi hajui afuate lipi. Wajenzi wa sinema walilijua hilo. Mazungumzo ya kwenye picha yalitakiwa yasikike wazi hadi siti ya mwisho, kwa hiyo waliubandika ukumbi vitu vinavyomeza sauti. Viti vyenyewe vilikuwa na godoro, navyo vilimeza. Nyie hamna viti, kwa hiyo mbao zimebaki peke yake kufanya kazi ile. Badala ya kung'oa, ongezeni: mapazia mazito ukuta wa nyuma, chini ya vile vitundu.

Angalizo ambalo sina utani nalo. Pigeni mbao kwa ukucha. Kama ni laini, ni za nyuzi za miti au miwa, hazina neno. Kama ni bapa ngumu za kijivu, hasa za dari, inawezekana ni asbesto, na hizo usikate, usikwangue, usifagie vumbi lake. Tafuteni mtu wa kuzipima kwanza. Mapafu hayana kipuri.

Jambo jingine la heri: mashine za kaboni zilikula umeme mwingi, kwa hiyo majumba ya sinema mara nyingi yaliingiziwa umeme wa fezi tatu, ule wa kubeba mzigo mkubwa. Ulizeni kama laini bado ipo. Mkiikuta mmeokoa pesa nyingi sana.

Mlisema pazia limeondolewa au lipo? Kama kipande kimebaki, kiangalieni kwa karibu mkiwa na tochi. Kimejaa vitobo vidogo mno. Spika zilikaa nyuma ya pazia, sauti ikapita humo, ndiyo maana mtu wa kwenye picha alionekana anaongea kwa mdomo wake.

---

Chalii wa Ngarenaro

Mzee, nimemsomea babu kwa sauti, mstari kwa mstari. Ulipofika kwenye bugi alimgeukia mama akamwangalia tu. Anauliza kama unamkumbuka mwuza karanga aliyekuwa na mwanya.

Fundi, pazia halipo, limebaki fremu ya mbao. Mbao za ukutani ni laini, nimeziminya kwa kidole. Za dari sikuzifikia.

Ila sakafu bado inanichanganya. Wenzangu wawili wamesimama na zege.

---

Binti Levolosi, London

Nawasalimu nyumbani. Mimi nimezaliwa Levolosi, sasa niko London mwaka wa kumi na moja. Mama yangu alikuwa anavaa kitenge kipya kwa ajili ya picha ya Kihindi ya Jumapili, na nyimbo zote alizijua bila kujua neno moja la Kihindi. Kwa hiyo nimesoma hapa nikiwa kwenye basi na macho yamejaa.

Kuhusu sakafu nina jibu la kuona kwa macho. Huku kusini mwa jiji kuna Brixton Academy. Ilifunguliwa Agosti 1929 kama sinema, ikiitwa Astoria. Mwaka 1972 ikafungwa kama sinema, na miaka ya themanini ikageuka ukumbi wa muziki. Inaingiza watu karibu 5,000. Sakafu yake inateremka mpaka leo, haikusawazishwa, na watu wanaipenda kwa hilo hilo. Mimi ni mfupi. Kwenye kumbi nyingine naona migongo ya watu. Pale nilisimama nyuma kabisa nikaona vidole vya mpiga gitaa. Watu wanacheza wima, kila mmoja mahali pake, na mteremko unausahau baada ya wimbo wa pili.

Lakini kuna jambo la pili kuhusu ukumbi huo huo, nalo ni zito. Desemba 2022 watu wengi walijazana kwenye milango ya mbele usiku wa onyesho la Asake, mwanamuziki wa Nigeria. Watu wawili walikufa kwenye msongamano. Ukumbi ulifungwa, ukafunguliwa tena Aprili 2024. Si ndani walikofia, ni mlangoni. Tafadhali, kabla ya rangi, kabla ya taa, tazameni milango. Iko mingapi, inafunguka upande gani, na nje yake kuna nini.

---

Mzee wa Mikanda

Binti yangu wa Levolosi, Mungu akulinde huko. Umenisaidia kusema nililotaka kusema, na umelisema vizuri.

Sakafu ile inateremka ili mtu wa nyuma amwone wa mbele bila kusimama. Nimeona mabonde mengi ya asili yanayofanya hivyo, na mtu akijenga bonde ndani ya nyumba amefanya kazi kubwa. Ukimwaga zege ukaisawazisha kwa kimo cha mlangoni, jukwaa linazama. Mpiga ngoma atakuwa chini ya magoti ya watu. Utalazimika kuinua jukwaa, na ukiinua jukwaa unagonga ukingo wa pazia juu, na watu wa balkoni wataona vichwa vilivyokatwa. Kila kitu mule kilipimwa kwa kufuata kingine. Anayetaka kucheza kwenye usawa, mpeni hatua nne tano za mwanzo mbele ya jukwaa kwa sakafu ya mbao, inayoweza kuondolewa. Bendi za bugi zilifanyiwa hivyo hivyo: viti vya mistari mitatu ya mbele vilifunguliwa boliti, vikabebwa nje.

Milango. Kuna miwili mbele ambayo umeshaiona, na kuna mitatu ya pembeni ambayo pengine hukuiona kwa sababu wenye mahindi waliipangia magunia na baadaye ikapigwa plywood. Miwili iko upande wa kulia, mmoja kushoto chini ya balkoni. Yote hufunguka kwenda nje, inatoka kwenye uchochoro. Gongeni ukuta, mtasikia. Na uchochoro wenyewe mwautazame, kwa maana nikipita siku hizi naona kuna vibanda vya simu na mama lishe. Msiwafukuze watu kwa ubavu. Kaeni nao, mpatane njia. Bila milango ile mitatu mimi nisingewaruhusu watu hata mia. Watu wa Zimamoto waje walione jengo mapema, kabla hamjatumia pesa.

Jambo la hati. Sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwenye sinema yetu aliamka siku moja akawa mpangaji wa jengo alilolijenga. Aliendelea kuja kila jioni, amevaa suti, anasimama pale ngazini anasalimia watu. Naielewa sababu ya Serikali, nami nilikuwa kijana wa Azimio la Arusha, Azimio lenyewe lilizaliwa hapa hapa Kaloleni. Lakini niliuona uso wa yule mzee, nao sijausahau. Aliondoka nchini baada ya miaka michache. Ninachokwambia ni hiki: aliyekupa funguo hakikisha ndiye mwenye haki ya kukupa, ukaangalie kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kusaini.

Mwuza karanga mwenye mwanya namkumbuka sana. Khanga iliyosafisha mkanda ilikuwa yake.

---

Mkazi wa Sakina

Nimeyaondoa maneno yangu ya zege. Lini mnafungua?

---

Chalii wa Ngarenaro

Naleta mrejesho, maana nilikaa kimya siku tisa.

Jumamosi tulimfuata mzee nyumbani kwake, tukaenda naye. Babu alikuja pia. Mzee alipanda zile ngazi za chuma polepole, akiwa ameshika ukuta, na alipofika juu alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuingia. Mashine hazipo, zimebaki boliti nane kwenye sakafu na duara mbili za kutu. Meza ya kurudishia mikanda ipo. Mnyororo wa vibati upo, na kile kipande cha madini laini kipo, kimeshika vumbi la miaka yote hiyo. Mzee alikivuta kidogo, kibati cha kwanza kikateleza, kikashuka bila kugoma.

Milango mitatu ya pembeni tumeipata yote, mahali pale pale aliposema. Mmoja umejengewa tofali kwa nje. Mama lishe wa uchochoroni tumeongea naye, anataka tumhakikishie kwamba siku za shoo chakula kitatoka kwake. Tumekubali, tena kwa furaha. Tofali litatolewa.

Sakafu tuliipima kwa mpira wa maji: inashuka mita 1.4 kwenye urefu wa mita 22. Wenzangu walisimama nyuma, mimi nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa na gitaa bila spika. Walinisikia. Zege limefutwa, pesa yake inakwenda kwenye mapazia ya ukuta wa nyuma na sakafu ndogo ya mbao mbele.

Chini ya rangi ya kanisa, kwenye saruji, tumeanza kuona herufi za mistari ya viti. Tumesugua tukapata F, G, H. Babu alitembea akihesabu mpaka pale anaposema alicheza na bibi yangu, na ni mbele kabisa, ambako viti vilikuwa vinaondolewa.

Hati tunaifuatilia wiki hii.

Mzee, swali moja limebaki. Kitundu cha sita tunataka kukirudishia taa. Ile ya kwenu ilikaa juu ya nini, na uliwezaje kuigeuza bila kuungua?

---

Mzee wa Mikanda

Ilikaa juu ya mguu wa chuma wa mashine ya cherehani, tuliuchomelea sahani yenye beringi. Glovu zilikuwa za ngozi, za mchomeleaji, na bado nikaungua, alama iko kwenye kiganja cha kushoto.

Taa za siku hizi hazichomi hivyo. Tafuteni mguu wa cherehani, niko tayari kuja kuwaonyesha urefu. Nije Alhamisi saa nne asubuhi? Mwambie na babu yako. Na herufi msizipake rangi.